Filamu ya Maji Mbele ya Mkutano wa Kijiji

Mashirika yanayopeleka filamu za maji na mazingira vijijini huanza karibu kila mara na dhana moja: kwamba watu hawajui, na wakijua watachukua hatua. Ndiyo maana ripoti zao huhesabu watazamaji, wanawake walikuwa wangapi, vijana wangapi, na wangapi walisema mwishoni kwamba wamejifunza jambo. Kwa mahali kama Mpui, kando ya barabara kuu itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga, dhana hiyo ina kasoro tangu mwanzo. Mama anayechota maji hapo, kwenye uwanda wa Ufipa, anajua kisima kipi hukauka Septemba na kipi hutoa tope wakati wa mvua. Anajua shamba la nani limesogea hadi ukingoni mwa kijito, na ng'ombe wa nani hunyweshwa juu ya mahali pa kuchotea. Habari anayo. Anachokosa ni mahali pa kuipeleka ambapo mtu atalazimika kumjibu. Kwa hiyo onyesho la filamu, kwa maoni yangu, lina thamani kijijini pale linapokuwa sehemu ya shauri, mbele ya kikao chenye mamlaka ya kuamua na mbele ya watu wanaopaswa kujieleza. Likikosa hayo, hata filamu iliyotunukiwa tuzo za dunia huwa burudani ya usiku mmoja. Burudani si kitu kibaya, ila isiandikwe kwenye ripoti kwa jina la haki ya mazingira.

Wazo la kuelimisha vijiji kwa filamu lina umri mkubwa katika nchi hii. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliweka makao Vugiri, milimani karibu na Korogwe, wakaendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Walitengeneza filamu zipatazo 35 na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mojawapo ilihusu safura. Vita vilipoanza mwaka 1939, Uingereza iliunda Colonial Film Unit, iliyodumu hadi 1955 ikishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokwenda haraka, nadharia ambayo kijana yeyote aliyekulia kwenye kibanda cha video akitazama kung-fu angeicheka. Lakini urithi mkubwa wa enzi hizo ni namna lawama ilivyogawanywa. Katika sinema ya lori mkosaji alikuwa mtazamaji mwenyewe: hana choo, hanawi mikono, analima vibaya mteremkoni. Serikali iliyomtoza kodi bila kumletea bomba ilionekana kwenye picha kama mwalimu tu. Filamu nyingi za usafi zinazozunguka leo bado zimekaa hivyo hivyo. Zile za haki ya mazingira zimeelekeza kidole upande wa pili, kwa kampuni ya mbali au nchi tajiri, na mara nyingi zina sababu. Ila aina zote mbili zinamwacha salama mtu wa karibu. Mhandisi wa wilaya hayumo, mweka hazina wa chombo cha maji hayumo, wala mzee mwenye heshima zake aliyepanda mikaratusi kwenye chemchemi.

Kuna mfano mmoja wa elimu ya umma ambao kila mpenda filamu vijijini angepaswa kuusoma kabla ya kununua projekta, nao haukutumia filamu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa redio kwa muda wa wiki 12, na watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Hawakusikiliza kila mtu nyumbani kwake. Waliketi katika vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu, wakasikiliza kipindi, wakajadili, wakakubaliana kazi ya wiki hiyo: kuchimba choo, kufyeka vichaka, kufukia madimbwi. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu mengi. Redio ilikuwa sababu ya kukutana, na kukutana ndiko kulikozaa kazi. Wapo watakaosema, na si uongo, kwamba zama zile mjumbe wa nyumba kumi alikuwa anatazama nani amechimba na nani hajachimba, hivyo si hiari yote iliyokuwa hiari. Kwangu tofauti kubwa zaidi iko kwenye kazi yenyewe. Choo ni shimo ambalo kaya inaweza kulichimba kwa jembe lake. Bomba la maji linahusu chanzo kilicho kwenye ardhi ya kijiji kingine, mkandarasi aliyeondoka, vipuri vinavyouzwa mjini na fedha zilizokusanywa na wengine. Kikundi kinachojadili maji kikiwa peke yake, bila anayepaswa kuwajibika, kitaishia kuazimia kuchemsha maji, hata kama maji yenyewe hayapo.

Ahadi hazijakosekana. Mwaka 1971 serikali ilijiwekea lengo la kufikisha maji karibu na kila mwanakijiji ndani ya miaka 20. Sera ya Maji ya 2002 ilishusha lengo hilo kwenye vipimo: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, watu 250 kwa kila kituo. Sheria ya 2019 ikaunda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kamati za maji za zamani zikapangwa upya kuwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Hata hivyo, vituo vya maji vilipohesabiwa nchi nzima mwanzoni mwa muongo uliopita, karibu vinne kati ya kumi vilikuwa havifanyi kazi. Mtu akiutazama mkasa huo kwa makini ataona kwamba sehemu kubwa yake haihusu ukosefu wa mito wala ukosefu wa elimu. Inahusu koki isiyobadilishwa, pampu isiyotengenezwa, na hesabu ya fedha za ndoo ambayo haijawahi kusomwa mbele ya watu.

Hapo ndipo jaribio la Maji Matone linapofaa kukumbukwa. Shirika la Daraja, lililokuwa na makao Njombe, liliwaomba wananchi wa wilaya 3 watume ujumbe wa simu kila kituo cha maji kinapoharibika, ili mhandisi wa wilaya na vyombo vya habari wapate taarifa. Lengo lilikuwa jumbe 3,000. Katika miezi 6 zilifika 53. Shirika, kwa uungwana ambao ni adimu katika ulimwengu wa miradi, lilitangaza wazi kwamba limeshindwa na likafunga mradi. Sababu hazikuwa za ajabu. Wanaochota maji ni wanawake na watoto, wenye simu walikuwa wanaume zaidi. Anayetuma ujumbe anatuma peke yake, naye anaishi jirani na anayemlalamikia. Juu ya hayo, wengi hawakuamini kwamba kuna atakayejibu. Nalitaja jaribio hili kwa sababu siku hizi wako wanaosema onyesho la hadhara limepitwa na wakati, kwamba filamu ifupishwe na irushwe kwenye makundi ya WhatsApp, basi. Ujumbe unaopokelewa na mtu mmoja kwenye kioo chake una udhaifu uleule ulioiua Maji Matone: haumweki anayelalamika pamoja na wenzake, wala anayelalamikiwa mbele yao.

Ushahidi kwamba onyesho la hadhara linaweza kusogeza mambo upo, ingawa umetoka mbali. Filamu ya Gasland ya 2010, kuhusu uchimbaji wa gesi ya miamba na visima vya maji vilivyochafuka Marekani, ilizungushwa katika miji midogo ya majimbo yaliyokuwa yanachimbwa. Wanasosholojia wakiongozwa na Vasi walifuatilia matokeo na kuyachapisha mwaka 2015: palipofanyika maonyesho, wakazi walijipanga zaidi kupinga, na kujipanga huko kulichangia halmashauri za mahali kupitisha amri za kusitisha uchimbaji. Kiungo cha katikati kisipitwe haraka. Kulikuwa na baraza la mji lenye uwezo wa kupiga kura. Filamu iliwakuta watu karibu na mlango wa kikao chenye nguvu.

Kijiji cha Tanzania, kinyume na kinavyosimuliwa mara nyingi kama mahali pa kupokea misaada, kina kikao cha namna hiyo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji, wa watu wazima wote, mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya kijiji, na kikao hicho kinapaswa kukutana kila baada ya miezi 3. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mkazi haki ya mazingira safi na salama, na inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Yaani karibu kila kitu ambacho filamu ya maji ingetaka kidaiwe kimeshaandikwa. Kinachopungua ni siku ambayo vitu hivi vinakaa mahali pamoja: picha ya chanzo kilivyo, maandishi ya sheria, na aliyelima ndani ya zile mita 60 akiwa ameketi benchi la tatu.

Kwa Mpui hilo lingefanyika vipi? Mvua za Ufipa huanza karibu Novemba na kwisha Aprili, hivyo msimu wa kuonyesha nje ni kuanzia Mei, na Juni na Julai, mahindi yakivunwa, uwanda huu wa juu una baridi inayowafukuza watu mapema. Maonyesho ya usiku uwanjani, kwa jenereta na shuka jeupe, yana ladha yake, lakini hukusanya watoto mbele na vijana nyuma, na mama aliye jikoni husikia spika kwa mbali. Mchana wa Jumapili, baada ya misa, katika ukumbi wa parokia wenye madirisha yaliyozibwa kwa turubai, ungewapata wale hasa wanaobeba ndoo. Filamu yenyewe isizidi dakika 20. Msimulizi awe wa papo kwa hapo. Tanzania ina mila yake katika hili: Lufufu na wenzake walisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili wakiongeza maelezo, utani na karipio, na watazamaji wakawajibu. Msimulizi wa Mpui angeweza kuwageukia wazee kwa Kifipa pale Kiswahili cha ofisi kinapokuwa kigumu. Kisha, kabla watu hawajatawanyika, mwenyekiti afungue mkutano halali wenye ajenda, mweka hazina asome mapato na matumizi, na mtu wa RUWASA aliyealikwa kwa barua asimame aulizwe. Mkutano halali ndio unaogharimu zaidi kuliko projekta, kwa sababu unahitaji siku 7 za tangazo na wiki kadhaa za kuwashawishi wanaoogopa kuulizwa.

Picha zinazofaa zaidi kuonyeshwa hapo huenda zisiwe zile nzuri kutoka mbali. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Maneno Mengi, ndani ya programu ya RIPS iliyofadhiliwa na Ufini huko Mtwara na Lindi, ilitumia video kwa njia ambayo bado haijaigwa vya kutosha. Wavuvi wenyewe walizungumza mbele ya kamera kuhusu uvuvi wa baruti, waliona walichosema, wakasahihisha, na mkanda ukapelekwa kwa viongozi ambao wasingeweza kufikiwa na mvuvi aliyevaa kikoi. Kijiji kikawa shahidi. Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui, nchini Kenya, alifanya kitu cha jamii hiyohiyo alipojirekodi shambani kwa miaka. Kazi hiyo ikawa filamu ya Thank You for the Rain ya 2017 aliyoitengeneza na Julia Dahr wa Norway. Sehemu yake inayosafiri sana ni ile ya Kisilu akiwa Paris kwenye mkutano wa tabianchi wa 2015. Kwa macho ya Ufipa, sehemu yenye faida ni ile anayowakusanya majirani zake. Dakika 8 zilizopigwa kwa simu, zikitembea kutoka chemchemi hadi kwenye kilula cha mwisho, zikimwonyesha kijana akisuuza bomba la kupulizia dawa ya magugu ndani ya kijito kinachonywewa chini, zingekuwa na uzito Mpui kuliko picha za angani za jangwa lolote.

Ukweli huo una upande unaouma. Uwanda huu ni ghala la mahindi, na mahindi yanataka mbolea na dawa. Maji ya upande wa mashariki wa Ufipa hushuka hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea, kwa hiyo kinachoingia kinabaki. Kutoka upande mwingine ziwa hilohilo hupokea maji ya eneo la dhahabu la Chunya, ambako wachimbaji wadogo wametumia zebaki kwa miongo mingi. Japani inalijua vizuri jambo la zebaki. Mwaka 1977 mtengenezaji filamu Tsuchimoto Noriaki alichukua filamu zake kuhusu ugonjwa wa Minamata akazipeleka kijiji kwa kijiji kando ya Bahari ya Shiranui, kwa wavuvi ambao walikuwa na dalili lakini walikaa kimya kwa aibu na kwa hofu kwamba samaki wao hawatanunuliwa. Kwa kuonyesha dalili hizo hadharani, alifanya iwezekane kuzitaja. Watu wa bondeni wanaokula samaki wa Rukwa wana haki ya filamu ya aina hiyo, na watu wa Mpui, walio juu, wanapaswa kuiona pia, wakijua kwamba katika shauri hilo wao hawako upande wa walalamikaji peke yake. Haki ya mazingira inayomgusa tajiri wa ng'ambo tu ni rahisi kuipigia makofi.

Pingamizi la kwanza zito ni kwamba filamu hudanganya. Hupunguza, huunganisha, huweka muziki mahali pa hoja. Mfano wetu wenyewe ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka 2004 na kupigwa Mwanza kuhusu sangara na biashara yake. Iliteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishambulia waziwazi kwamba imeichafua nchi. Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon alitilia shaka ushahidi wake hadi wakafikishana mahakamani, na Sauper akashinda kesi ya kashfa. Moja ya mabishano lilikuwa mapanki, yaani mabaki ya sangara: ni chakula cha binadamu au cha mifugo? Swali hilo lingejibiwa ndani ya nusu saa na wanawake waliokuwa wakiyakausha. Badala yake lilijadiliwa na watu waliokuwa mbali na kazi ile, na waliokuwamo kwenye picha walipewa nafasi ndogo kabisa ya kuikubali au kuikana. Kwa hiyo naukubali udhaifu wa filamu, lakini dawa yake naiona palepale kwenye mkutano. Filamu iliyotazamwa na wanaoishi kwenye kisa chenyewe, wakiwa na ruhusa ya kusema hapa si kweli, hukaguliwa vikali kuliko inavyokaguliwa kwenye tamasha lolote.

Wengine watasema mambo ya uchafuzi waachiwe wataalamu na maabara. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele ilitoa jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na nchi nzima ikaguna. Sina maabara ya kuipinga. Ninachokiona ni kwamba jibu lile lilikuja katika mkoa ambako miaka 3 tu kabla, 2019, mgodi wa North Mara ulikuwa umetozwa faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi, na lilikuja kama tangazo. Sayansi ikishuka kwa tangazo mahali palipopoteza imani, hata ikiwa sahihi haiaminiwi. Mtaalamu anayetaka kuaminiwa angefanya vema kuonyesha chupa zake za sampuli zilijazwa wapi na saa ngapi, na hiyo ni kazi ambayo kamera inaifanya vizuri sana.

Kuhusu woga wa viongozi, kwamba filamu ya haki ni siasa, sitatumia maneno mengi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ipo, na anayeonyesha filamu hadharani afuate taratibu za kibali. Kibali huwalinda pia waandaaji, kwa sababu ofisa aliyekiona kichwa cha filamu mapema hawezi kudai ameshtukizwa. Na maji yalikuwa siasa tangu ile ahadi ya 1971.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la fedha. Gharama ya mafuta, kibali, usafiri na posho ingenunua koki na mita kadhaa za bomba, na hata mkutano ukienda vizuri namna gani, wilaya inaweza kujibu kwamba bajeti haipo. Ni kweli kabisa, na shirika lenye uwezo wa kununua bomba linunue bomba. Lakini bomba jipya huingia katika utaratibu uleule ulioliua la zamani, na jibu la "bajeti haipo" likitolewa mbele ya watu mia tatu na kuandikwa kwenye muhtasari pamoja na tarehe si sawa na likitolewa mlangoni mwa ofisi kwa mama mmoja mwenye ndoo. Katika mkutano huohuo hubaki mambo ambayo kijiji chenyewe kinayamudu: kuondoa mazao kwenye chanzo, kubadilisha mweka hazina, kukubaliana bei ya ndoo na nani asilipe. Yanayozidi uwezo wake huenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la madiwani la Wilaya ya Sumbawanga. Huko diwani mwenye muhtasari uliosainiwa na dakika 8 za picha kwenye simu yake hunyamazishwa kwa shida zaidi kidogo kuliko yule aliyekuja na malalamiko ya mdomo, na miezi 3 baadaye, mkutano ukikaa tena, anaweza kuombwa aonyeshe picha mpya ya kilula kilekile.